Neno Lililoponyoka Darajani

"Rudia," Bi Thoa alisema. "Rudia vile ulivyomwita."

"Mama, niliteleza tu. Mtu akiteleza anapiga kelele yoyote."

"Kelele yoyote ni 'mama yangu wee.' Kelele yoyote ni 'nakufa.' Wewe hukusema unakufa. Rudia."

Diep alishika usukani wa gari lisilokwenda popote. Khai alikuwa ameliacha linanguruma ili wazee wasigande, akamwambia akae kwenye kiti cha dereva, asije mlinzi wa maegesho akaleta maneno. Kisha akaenda kununua kahawa. Alikwenda haraka mno kwa mtu anayefuata kahawa tu. Kupitia kioo Diep aliuona mgongo wake kwenye foleni, kofia imeshushwa mpaka masikioni, na theluji ya Mei ikimwangukia mabegani. Huko Calgary theluji hunyesha hata Mei na hakuna anayeshangaa, isipokuwa wageni waliokuja kuona maua.

"Alisema 'kaka,'" Shangazi Nhan alidakia kutoka kiti cha nyuma, macho kwenye simu yake, akizichambua picha alizopigwa asubuhi hiyo, mtandio wake wa hariri ukiwa umerushwa hewani. "'Kaka, mshike mdogo wako!' Ndivyo alivyosema. Nilikuwa karibu."

"Shangazi!"

"Si mama yako kauliza? Namsaidia."

Kwa Wavietinamu neno hilo si dogo. Lugha yao haina "mimi" na "wewe" ya kumfaa kila mtu. Ukifungua mdomo lazima kwanza ujiweke mahali pako, mtoto au dada au shangazi, na unayesema naye umweke pake. Mke humwita mumewe kaka, na yeye hujiita mdogo wako. Msichana akianza kumwita mwanamume hivyo kwa sauti ile aliyoitoa Diep pale kwenye daraja jekundu, mikono yote miwili imenyooshwa, hakuna mtu mzima anayehitaji kuelezwa.

Na Khai hakuwa mtu wa kuitwa kaka na Diep, hata kwa bahati mbaya. Khai alikuwa baba mdogo. Alikuwa yatima aliyeokotwa na baba yake Diep, marehemu Thuan, kwenye kiwanda cha barafu cha mji wao wa Can Tho. Wawili hao walikula kiapo cha undugu mbele ya ubani, mkubwa na mdogo, mpaka kufa.

"Tangu lini?" Bi Thoa aliuliza.

Ungeanza wapi kumwambia mama yako jambo kama hilo?

Lilianza siku kipasha joto cha chumba chake kilipokufa katikati ya baridi kali. Khai ni fundi wa majokofu, lakini anayejua baridi anajua na joto. Alikuja na mkoba wake wa vifaa, akalala chali sakafuni karibu jioni nzima, na Diep akamshikia tochi. Alipomaliza aliinuka, akamkuta Diep anamtazama. Hakuyakwepesha macho yake. Wala Diep hakuyakwepesha yake. Khai alikunja vifaa vyake akasahau bisibisi.

Baada ya hapo walishindwa kuitana. Baba mdogo ilikuwa haitoki tena, na ile nyingine hakuna aliyethubutu kuigusa. Basi wakawa wanapigiana simu kwa sentensi zisizo na wenyewe. "Umekula?" "Tayari." "Kazini vipi?" "Salama tu." Walikwenda hivyo majuma kadhaa, kama watu wawili wanaozunguka chumba wakiogopa kukaa kwenye kiti chochote. Mpaka jioni moja Khai alimsubiri nje ya karakana Diep anakochonga meno ya bandia, sufuria mikononi, na akaiambia ardhi, si yeye: "Kaka amekuletea supu." Diep aliipokea ile sufuria. "Mdogo wako anashukuru," akajibu. Harusi yao ilikuwa hiyo. Hawakuwa na nyingine.

"Tangu baridi ya mwaka juzi, mama," alisema.

Bi Thoa hakupiga kelele. Angepiga ingekuwa nafuu. Alivua glavu moja, akaiweka pajani, akainyoosha kidole kwa kidole.

"Na mlikuwa mnangoja nini? Nife?"

"Tulitaka kukwambia kesho. Kule milimani, ziwani."

"Ahaa. Kwa hiyo siku zote hizi mnanitembeza ili mnilainishe. Ile mifupa ya madinosaria, ile bustani ya wanyama, ule mlima wa kuruka na mbao za theluji. Nilijua! Nikajiuliza, huyu Khai mbona ananibebea hata kijimfuko changu cha machungwa?"

"Mimi aliniinamia akanifunga kamba za viatu," Shangazi Nhan alisema. "Nikadhani ni adabu."

"Ni adabu, Shangazi. Ndivyo alivyo."

"Mwenye adabu hamchukui mtoto wa kaka yake."

Diep aligeuka. "Si damu yake! Hata tone moja. Mimi nikiwa darasa la tatu yeye alishapanda ndege. Nimemjua kwa sauti ya simu ya sikukuu. Mtu mzima kakutana na mtu mzima uwanja wa ndege, kamletea koti. Kosa liko wapi?"

"Hilo waambie watu wa mtaani kwetu," Bi Thoa alisema. "Nenda kasimame sokoni, uwaeleze mmoja mmoja tarehe zako. Unajua watasema nini? Watasema alikuwa anakuangalia tangu ulipokuwa unavaa sare ya shule. Pale mezani kwangu, kwenye bakuli langu la wali. Watasema ndiyo maana aligharamia safari yako. Na baba yako watasema alikuwa kipofu, au mjinga, au alijua akanyamaza. Yeye hayupo kujibu. Nitajibu mimi. Kila nikienda kununua samaki nitajibu."

Diep aligeukia usukani tena.

Mlango ukafunguliwa, baridi ikaingia, na Khai nyuma yake na kahawa nne kwenye kibebeo cha karatasi. Aliwatazama mmoja mmoja. Mwisho akamtazama Diep, na macho yale, yaliyokuwa yakimchekea kila siku kwenye kioo cha gari, sasa yaliuliza swali moja tu. Diep aliitikia kwa kope. *Ndiyo. Wanajua.*

"Shemeji," Khai alisema, akimpa Bi Thoa kahawa kwa mikono miwili. "Ina maziwa, kama unavyopenda."

Bi Thoa aliipokea. Akainywa. Akaifunga kifuniko.

"Mlisema kuna mnara," alisema.

"Mama, turudi nyumbani tuzungumze."

"Nimepanda ndege tatu kuja kuuona mji huu. Nitauona. Khai, endesha."

Wakaenda. Gari zima lilikuwa kimya, isipokuwa Khai, ambaye mazoea yalimshinda, akawa anaonyesha. Hapa ni jengo la manispaa. Pale ndipo panapofanyika gwaride la farasi Julai. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayesoma tangazo la msiba. Diep, aliyekuwa amehamia nyuma karibu na shangazi yake, aliitazama shingo yake. Alijua jinsi inavyonukia: sabuni na chuma. Alijua kovu dogo chini ya nywele, alikochomwa na bomba akiwa kijana, na jinsi anavyoinamisha kichwa ukiligusa.

Shangazi Nhan alimsogezea chenza iliyomenywa. "Kula," alinong'ona. "Ugomvi na njaa haviendi pamoja."

"Shangazi, na wewe unanichukia?"

"Nikuchukie, una nini? Mimi nimetoka kwenye tumbo moja na baba yako. Kichwa chako ni chake, mkaidi hivyohivyo." Alijifuta vidole. "Lakini Khai ndiye kaka wa mwisho niliyebaki naye, mwanangu. Sasa unataka nimwite mkwe?"

Huko juu mnarani kuna mahali sakafu ni kioo. Ukisimama unaona barabara chini ya nyayo zako, na magari kama njugu. Watalii wachache waliokuwapo walikuwa wanajaribu kwa kidole cha mguu, wakicheka. Bi Thoa alikanyaga kile kioo kama anayekanyaga sakafu ya jikoni kwake, akasimama katikati, mkoba umekumbatiwa.

"Khai. Njoo hapa."

Khai akaenda. Diep alifuata mpaka pale zulia linapoishia, akasimama.

"Sitakupigia kelele," Bi Thoa alisema. "Umenitunzia mwanangu, na nilikushukuru, na shukrani sizirudishi. Nakuuliza jambo moja. Mwanangu unamwitaje, mkiwa peke yenu?"

Khai alivua kofia. Nywele zake zilikuwa zimeanza mvi pembeni, na kofia ilikuwa imezilaza kama za mtoto wa shule. "Namwita mdogo wangu, shemeji."

"Na marehemu mume wangu ulimwitaje?"

"Kaka."

"Basi huyo ni kaka, na binti yake ni mdogo wako. Baba na mtoto umewaweka safu moja." Alisema polepole, kama anayempangia mtoto vyombo. "Haiwezekani. Mojawapo ya maneno hayo ulitengue. Sijui lipi. Utachagua wewe."

Watalii walipiga picha. Kitoto kimoja kililia kikikataa kukanyaga kile kioo.

Diep alikuwa anamtazama Khai taya. Ndiyo kazi yake, kusoma mataya. Aliliona likikaza, likaachia, likakaza tena.

"Lile la kaka," Khai alisema.

"Sema vizuri nisikie."

"Nitarudi Can Tho mwezi ujao, siku ya kumbukumbu yake. Nitasimama mbele ya picha yake. Nitawasha ubani, na nitaomba…" Alikohoa. "Nitaomba anitoe. Niwe mtu baki. Mtu baki anaweza kuposa. Niko tayari, shemeji. Nimefikiri sana."

"Khai!" Shangazi Nhan alisema. Mtandio wa hariri aliokuwa ameushika tayari kwa picha ulimwanguka miguuni. "Unajua unachosema? Kaka yangu alikufa simu iko sikioni, anakusikiliza wewe. Alitaka kumsikiliza nani mwingine? Uwe mtu baki? Na mimi niwe nani kwako? Bibi mmoja wa Vietinamu?"

"Dada, nisamehe."

"Usiniite dada kama unatoka!"

Khai alisimama pale kwenye kioo, kofia mikononi, na mji mzima chini yake.

Diep aliona kitu ambacho alikijua siku zote na hakuwahi kukitazama. Khai hakuwa na mama wala baba, wala kaburi la kupalilia. Hakuwahi kuwa na mahali pa kwenda sikukuu mpaka mtu mmoja alipomkuta amelala juu ya magunia ya pumba za mpunga kiwandani, akamwambia, haya mdogo wangu, twende ukale. Jikoni kwake, juu ya jokofu, kulikuwa na picha ya yule mtu. Kila asubuhi Khai alimmiminia kikombe cha chai kabla ya kunywa chake. Diep alishamkuta akiiambia ile picha habari: kaka, leo baridi imezidi, kaka, mtoto kafaulu mtihani wake, kaka, mtoto amefika salama. Alikuwa akisimama mlangoni, bila viatu, akimsikiliza, na kumpenda mpaka kifua kinauma.

Mwezi ujao angeiambia nini? Nani angemiminiwa chai?

Angefanya. Hilo ndilo lililomtisha. Khai angeenda, angesema, angerudi, na asingemlaumu hata siku moja. Angekaa naye mezani mwaka baada ya mwaka, mume mwema, mtu baki. Na Diep angekuwa anayatazama yale mataya.

"Kaka," alisema kimoyomoyo, kwa mara ya mwisho, akalishikilia lile neno kinywani kama kitu cha moto.

Kisha akakanyaga kioo. Hakutazama chini. Aliuokota mtandio wa shangazi yake, akaukung'uta, akausogelea mkono wa Khai. Akampa kwa mikono miwili, kichwa kimeinama, kama alivyofundishwa na baba yake kuwapa wakubwa kitu.

"Baba mdogo," alisema. "Mwanao anaomba utupige picha."

Khai hakuupokea ule mtandio.

"Diep," alisema. "Usifanye hivyo."

"Baba mdogo, shangazi anasubiri. Urushe juu, kisha upige ukiwa bado hewani. Humu ndani hakuna upepo."

"Nimesema niko tayari. Wewe hukunisikia? Sijalazimishwa."

"Mwanao amesikia." Sauti ilitetemeka na akaiacha itetemeke, ilimradi maneno yatoke yakiwa kamili. "Mwanao hataki. Mwanao alikosea pale darajani, aliita vibaya. Baba mdogo amsamehe."

Macho yao yakakutana, kama siku ile ya tochi, na safari hii Diep ndiye aliyeyashusha. Hakuweza vinginevyo. Angeyaacha pale kidogo tu, neno lingemponyoka tena.

Bi Thoa alikuwa amegeukia dirisha. Mgongo wake ulikuwa umenyooka sana, na mkono wenye glavu moja ulikuwa unafuta kioo ambacho hakikuwa na ukungu.

"Mama," Diep alisema. "Njoo ukae katikati."

"Mimi sipendi picha."

"Njoo, mama."

Mama yake akaja. Alimshika mkono mahali pa juu, karibu na kwapa, kwa nguvu, kama anavyomshika wakivuka barabara huko nyumbani. "Hujala tangu asubuhi," alisema kwa ukali. "Jioni nitakupikia uji. Umekonda mno huku."

Diep aliitikia kwa kichwa.

Khai bado alikuwa amesimama. Angeweza kukataa. Angeweza kumshika mkono, akamtoa pale, wakaondoka na lifti ya kwanza. Diep aliomba afanye hivyo, na aliomba asifanye, vyote katika pumzi moja. Kisha Khai akauchukua mtandio. Vidole vyake havikugusa vya Diep, alihakikisha. Akarudi nyuma hatua chache mpaka kwenye zulia, akavaa kofia, akaishusha mpaka karibu na macho, akatoa simu.

"Dada Nhan, sogea kulia," alisema. "Shemeji, kidevu juu kidogo."

Shangazi Nhan alikuwa amenyoosha mikono, akingoja hariri yake iruke, machozi yanamchuruzika na tabasamu la picha liko palepale.

"Na mimi?" Diep aliuliza. "Nikae wapi?"

Khai alimtazama kupitia simu, si juu yake. Neno lilipokuja lilikuja taratibu na safi, kila silabi mahali pake, sauti ileile iliyompokea uwanja wa ndege siku ya kwanza kabisa.

"Mwanangu," alisema, "simama hapo hapo, karibu na mama yako."

Akaurusha mtandio juu.